Kupaki pikipiki mlimani: maswali ninayoulizwa kila siku kijiweni

Mwanza ni mji wa mawe. Ukishatoka mjini kati, karibu kila njia inapanda: Bugando, Isamilo, Mabatini, Igogo. Nimeendesha bodaboda humu miaka tisa, na sasa nina vijana wawili wanaoendesha pikipiki zangu kwa mkataba. Nikijumlisha indiketa, saiti mira na vishikio vya klachi nilivyonunua, vingi havikuvunjika barabarani. Vilivunjika pikipiki ikiwa imesimama na mwenyewe yuko dukani anakunywa soda. Kwa hiyo nimeyaweka hapa yale ninayoulizwa zaidi.

Pikipiki ielekee juu au chini?

Juu. Kama nafasi inakuruhusu kuchagua, pua iangalie kilima.

Sababu iko kwenye stendi ndogo, ile ya mguu mmoja ya kushoto. Ichuchumalie uitazame: inafunguka kwa kwenda mbele, inajikunja kwa kurudi nyuma. Sasa fanya jaribio hili mahali pa tambarare. Shusha stendi, shika usukani vizuri, kisha isukume pikipiki mbele taratibu. Mguu wa stendi unabaki pale pale ulipokanyaga ardhi, chuma cha pikipiki kinasonga, na stendi inaanza kujikunja yenyewe kama kisu cha kukunja. Ukiivuta nyuma, stendi inajikaza kwenye kizuizi chake na haiendi popote.

Basi kwenye mteremko mvuto unafanya kazi ileile ya mikono yako. Pua ikielekea chini, pikipiki inataka kwenda mbele na stendi inataka kukunjika. Pua ikielekea juu, pikipiki inataka kurudi nyuma na stendi inazidi kujikaza. Ukielewa hilo, mengine yote utayafikiria mwenyewe.

Niache kwenye gia au fri?

Gia namba moja, injini ikiwa imezimwa. Fri, yaani bila gia yoyote, kwenye mteremko ni kuiachia pikipiki ijiamulie.

Gia namba moja ndiyo inayoshika zaidi kwa sababu tairi ya nyuma ikitaka kuzunguka kidogo tu, injini inalazimika kuzunguka mara nyingi, na upepo uliobanwa ndani ya silinda unakataa. Gia ya juu inashika pia, ila kwa unyonge.

Lakini watu wengi wanakosea mpangilio, hata wale wenye leseni ya siku nyingi. Wanashusha stendi kwanza, wanashuka, halafu ndiyo wanaachia klachi na breki. Cheni ina ulegevu wake, na meno ya gia yana nafasi yake. Pikipiki lazima isogee kidogo kabla gia haijashika, wakati mwingine kiganja kizima. Kama stendi imeshashuka na pua inaangalia chini, huko kusogea kidogo ndiko kunakoiangusha.

Mpangilio wangu ni huu. Simama, shika breki, zima injini ikiwa kwenye gia namba moja. Achia klachi. Sasa achia breki polepole ukiwa bado umekaa juu, miguu chini. Itasogea, utasikia cheni ikikaza, itagoma. Iache itue hapo. Ndipo ushushe stendi, uilaze, ushuke. Kabla hujaondoka, isukume kidogo kwa mkono kwenye keria. Ikitikisika bila kusogea, nenda zako.

Nilijifunza hilo Isamilo mwaka wangu wa pili. Nilikuwa nampelekea mama mmoja gesi, nikaiacha pikipiki fri kwenye geti lake huku ikielekea chini, stendi imeshuka, roho safi. Nilikuwa nimeufunga mtungi vizuri sana; pikipiki ndiyo sikuifunga. Tulisikia kishindo tukiwa jikoni. Mtungi haukuchubuka hata rangi, ila tenki langu lina bonde hadi leo na vijana wanalitumia kuitambua pikipiki yangu.

Gia nimeweka, lakini bado inasogea polepole. Kwa nini?

Injini imechoka. Ringi zikiisha au valvu zikiwa hazifungi vizuri, upepo unavuja. Ukisimama karibu utaiona: inakaa, kisha kama inashusha pumzi, inasogea kidogo, inakaa tena. Baada ya nusu saa imefika kwa jirani. Pikipiki ya namna hiyo inahitaji jiwe nyuma ya tairi, na fundi wiki hiyohiyo.

Kama inateleza bila kusitasita, huenda klachi imebanwa mno au imekwisha kabisa. Angalia kama kishikio cha klachi kina uhuru kidogo kabla hakijaanza kuvuta waya.

Kwani stendi kubwa, ile ya miguu miwili, si ndiyo imara zaidi?

Kwenye tambarare, ndiyo. Kwenye mteremko, hapana, na hapa ndipo ninapobishana na wazee wa kijiweni.

Ukiipandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, tairi ya nyuma inaning'inia hewani. Gia uliyoweka haina kazi tena, maana inashika tairi ambayo haigusi kitu. Kilichobaki ni miguu miwili ya chuma, na yenyewe inajikunja kwa kurudi nyuma kama ile ndogo. Pua ikiangalia chini, mtu akiigusa tu nyuma inaruka kutoka kwenye stendi na kuanza safari. Stendi kubwa ni ya kuziba pancha, kupaka cheni oili na kupanga pikipiki nyingi kwenye uwanja uliosawazishwa. Mlimani tumia ndogo pamoja na gia.

Nafasi yenyewe imeinama ubavuni, siyo mbele wala nyuma. Nifanyeje?

Hili ndilo gumu kuliko yote.

Stendi ndogo iko kushoto. Kama kushoto ndiko chini, pikipiki inalala sana, uzito wote unaegemea chuma kimoja, na ukiiongezea begi upande huo inaweza kumalizia kulala. Kama kushoto ndiko juu, pikipiki inasimama wima mno. Inapendeza kwa macho, lakini mbuzi akijikuna pale inaangukia kulia, upande usio na stendi. Mimi naiogopa hii ya pili zaidi, kwa sababu ile ya kwanza angalau unaiona imelala na unashtuka.

Dawa ya kwanza ni kuigeuza. Kwenye ubavu wa kilima, ukiigeuza pikipiki ikaangalia upande wa pili, kushoto kunabadilika kuwa juu au chini. Chagua upande ambao inalala kiasi, si kidogo mno wala si kupita kiasi. Ikiwa bado inalala sana, weka jiwe bapa au kipande cha ubao chini ya mguu wa stendi. Jiwe la mviringo usiweke hata siku moja. Dawa bora zaidi ni kuizungusha robo, pua ikaangalia juu, ukaachana na ubavu kabisa.

Hata barabara ya lami inayoonekana imenyooka ina ubavu wake. Mafundi huinua mgongo wa barabara katikati ili maji yaende mtaroni, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukisimama pembeni kushoto kwako ndiko chini. Ndiyo maana pikipiki iliyopakiwa sambamba na barabara hulala kuliko ulivyozoea nyumbani. Ukiirudisha nyuma mpaka tairi ya nyuma iguse kingo ya zege, pua inaangalia katikati ya barabara, yaani inaangalia juu. Umepata vyote kwa pamoja: stendi inajikaza, tairi ina kizuizi, na kutoka ni kuwasha na kwenda. Angalia tu kama nyuma yako kuna kingo kweli. Mitaro yetu mingi iko wazi, na iliyofunikwa ina mifuniko iliyovunjika.

Na kama nafasi iliyopo inaelekea chini tu?

Kwanza jiulize utatokaje. Pikipiki haina gia ya kurudi nyuma. Ukiingiza pua chini kwenye kona yenye ukuta, wakati wa kutoka utaivuta kilo mia na ushee kupanda kilima kwa mgongo wako, na kama umeikuta imefungiwa na gari ndiyo basi tena. Nimewahi kulipa vijana wawili wanivute kutoka kwenye kichochoro ambacho mimi mwenyewe niliingia nikipiga mluzi.

Kama hakuna namna, tairi ya mbele igusane na kitu kisichosogea: kingo ya zege, ukuta, jiwe kubwa. Gia moja, iache itue, kisha stendi. Tairi ikishazuiwa mbele, pikipiki haina pa kwenda na stendi haina sababu ya kukunjika. Ongeza mpira kwenye breki, nitaueleza sasa hivi.

Mpira kwenye breki ni kitu gani?

Kila bodaboda ana kipande cha tyubu kwenye keria, ile mipira ya kufungia mizigo. Chukua kimoja chembamba, bana kishikio cha breki ya mbele, zungusha mpira kwenye kishikio pamoja na mshiko wa usukani mara tatu au nne, chomeka ncha. Umepata breki ya kuegesha bila kwenda dukani.

Siichukulii kama mbadala wa gia, maana mpira huchoka kwa jua na kukatika. Lakini gia ina udhaifu mmoja: mtu akibana klachi, imeisha. Mtoto anapanda kwenye pikipiki ya mjomba, anashika vishikio vyote viwili kama alivyoona wakubwa wanavyofanya, anabana cha kushoto, na safari imeanza. Mpira uko kwenye cha kulia, kwa hiyo tairi ya mbele bado imeshikwa.

Usukani niugeuzie wapi?

Kushoto mpaka mwisho. Vitabu vya maelekezo vya Honda vinasema wazi kwamba ukiugeuzia kulia unapunguza uimara na pikipiki inaweza kuanguka. Isitoshe, pikipiki nyingi hufunga loki ya usukani upande huohuo wa kushoto, basi unamaliza na mwizi kwa mkono mmoja. Kumaliza naye ni namna ya kusema tu. Loki inamchelewesha.

Stendi inazama. Nifanyeje kwenye tope, mchanga au lami ya moto?

Mguu wa stendi ni mdogo, na uzito unaoukandamiza ni mkubwa. Masika udongo uliokuwa mgumu saa 2 asubuhi umeshakuwa uji saa 4. Mchangani inazama papo hapo. Lami mpya au iliyowekwa vibaya huwa laini mchana wa jua kali, na hii inawadanganya wengi kwa sababu wanapoiacha iko sawa. Inazama taratibu wakiwa hawapo.

Tafuta kitu bapa: kopo la maziwa ulilolikanyaga, kifuniko cha ndoo ya rangi, kipande cha mbao. Wengine tumeenda kwa fundi wa kuchomea akatuwekea sahani ya chuma upana wa kiganja chini ya stendi. Ni kazi ya dakika chache na sijawahi kuijutia. Akiichomea, mwambie aiweke isizidi upande wa nje, la sivyo itakwaruza barabara ukikata kona ya kushoto.

Tangu nibadilishe shokapu pikipiki inalala sana kwenye stendi. Ni kawaida?

Ni kawaida na ni hatari. Wabeba mizigo wanapenda kuinua nyuma kwa shokapu ndefu au springi za ziada. Pikipiki imepanda, stendi imebaki na urefu wake wa kiwandani, kwa hiyo imekuwa fupi. Fundi aongeze kipande. Kinyume chake, tairi zikiisha au shokapu zikilegea, stendi inakuwa ndefu na pikipiki inasimama wima mno. Wakati uko kwa fundi, mwonyeshe na springi ya stendi. Ikilegea, stendi inaning'inia ukiwa unaendesha, na pikipiki nyingi za biashara hazina swichi ya kuzima injini ukisahau stendi chini. Ukikata kona ya kushoto inagonga lami na kukurusha.

Nina mzigo nyuma: mkungu wa ndizi, kreti, gunia la mkaa. Ushauri uleule?

Hapana. Mzigo mzito nyuma unabadilisha mambo. Pua ikiangalia juu na gunia liko kwenye keria, tairi ya mbele inakuwa nyepesi, usukani unacheza, na kwenye mwinuko mkali pua inaweza kunyanyuka unapoisukuma. Gunia likiinama upande wa stendi, chuma kinapinda.

Shusha mzigo mahali pa tambarare, hata kama ni hatua hamsini kutoka mlangoni kwa mteja. Mteja atanung'unika, na wewe mwambie aje asaidie kubeba. Wanaobeba mkaa kutoka vijijini hutembea na mti wenye panda juu. Wanaukita chini ya keria upande wa kulia, pikipiki inakuwa na mguu wa ziada. Ni ujanja wa zamani wa waendesha baiskeli na bado haujapata mpinzani.

Abiria naye ni mzigo. Ashuke kabla hujashusha stendi. Usimwache amekaa juu ya pikipiki iliyolala kwenye stendi ndogo wakati wewe unaulizia chenji.

Skuta na pikipiki za umeme je?

Hapa sahau habari za gia. Skuta ya kawaida isiyo na klachi ya mkono, injini ikizimwa tairi inazunguka bure. Pikipiki nyingi za umeme zenye mota kwenye tairi ni hivyohivyo: ukizima, haishiki kitu. Kitufe chenye herufi P kwenye baadhi yake hukata umeme usiende kwenye mota ili ukigusa mshiko wa mafuta isikimbie. Mara nyingi hakifungi tairi. Angalia kama yako ina breki ya kuegesha. Kama haina, unarudi kwenye mpira wa tyubu, jiwe na kingo ya zege. Wenzetu wa Kigali, wanaoishi kwenye vilima kuliko sisi na ambao pikipiki za umeme zimewaingia mapema, hilo wanalijua vizuri.

Kwenye pantoni napaki vipi?

Pantoni ni mteremko unaobadilika. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 wengi tuliachana na pantoni upande ule, lakini Kamanga bado tunavuka kwa maji, na Dar kuna Magogoni. Gia moja, stendi ndogo, mpira kwenye breki, halafu simama nayo ukiwa umeshika usukani. Usiende kupiga picha ziwa. Wimbi halikuangalii wewe umepaki kwa ustadi gani, na kando yako kuna gari la mtu.

Imeanguka. Naiinuaje peke yangu mlimani?

Kwanza zima swichi, kisha funga koki ya mafuta. Petroli itakuwa inatoka kwenye mfuniko wa tenki au kwenye kabureta, kwa hiyo asiwepo mvutaji sigara karibu.

Angalia tairi ziko upande gani. Kama tairi ziko upande wa juu wa kilima na kiti kiko chini, usijaribu kuinyanyua hivyo. Unapambana na kilima kizima. Izungushe ikiwa bado imelala, ukiivuta kwa keria au kwa usukani, mpaka tairi ziwe upande wa chini. Itachubuka kidogo, vumilia. Kama imelalia kulia, una bahati: fungua stendi ndogo na uweke gia kabla ya kuinua, ili ukishaisimamisha iwe na pa kuegemea. Igeuzie mgongo, makalio yaguse kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye chuma cha keria, kisha sukuma kwa miguu, hatua ndogondogo kurudi nyuma. Anayeinua kwa kiuno huwa anakuja kuniomba dawa ya kuchua.

Usipige kiki papo hapo. Isubiri dakika kadhaa. Ikigoma kuwaka, imelewa petroli: zungusha mshiko wa mafuta kwenye usukani mpaka mwisho, piga kiki mara kadhaa bila haraka. Kisha kagua oili, kishikio cha breki, na kama usukani umenyooka.

Ekzosi niigeuzie wapi?

Mbali na mlango na mbali na watoto. Pikipiki nyingi za hapa ekzosi iko kulia, ndiyo maana abiria tunamwambia ashukie kushoto. Ile alama ya kuungua kwenye shavu la mguu wa kulia wengi wameipata pikipiki ikiwa imezimwa zamani na wanadhani imepoa.

Tumepaki kijiweni zimebanana, moja ikaangusha nne. Nani analipa?

Kijiweni kwetu analipa yule wa kwanza kuanguka, hata kama aliyeigusa ni ng'ombe. Mlianza kubanana saa ngapi hilo ni shauri lenu. Tulikubaliana hivyo baada ya ugomvi wa siku tatu juu ya saiti mira mbili, na tangu hapo tumeachiana nafasi ya usukani mmoja uliogeuzwa kati ya pikipiki na pikipiki, zote pua juu, nyuma zimegusa kingo. Akija mgeni akaipaki yake ikiangalia chini kwenye mstari wetu, kuna mzee mmoja ambaye huinuka kwenye benchi bila kusema neno na kwenda kumwekea jiwe.